Kurasa za makazi zioneshe madirisha pia, si makochi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kurasa za makazi mnazozichapisha mwishoni mwa juma. Nazithamini sana kurasa hizo, kwa kuwa si magazeti mengi yanayoona kwamba sebule ya mwananchi wa kawaida ni jambo la kuandikiwa. Hata hivyo, picha zinazozipamba zinafanana mno: dari ya jipsamu yenye ngazi mbili au tatu na taa za rangi zilizofichwa pembeni, kuta za kijivu, marumaru nyeupe zinazong'aa, kochi kubwa la umbo la L, televisheni iliyotundikwa ukutani, na pazia zito lililofunika dirisha zima. Maelezo yanayoambatana nazo husema kwamba huo ndio mtindo wa kisasa na kwamba yaliyotangulia yamepitwa na wakati. Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, na riziki yangu inatokana na watu kubadili mitindo, kwa hiyo siandiki kuyapinga mabadiliko. Naandika kwa sababu kila mtindo uliowahi kutawala ndani ya nyumba zetu ulikuwa na sababu yake, iwe ya mbao, ya bahari, ya umeme au ya mfuko, na gazeti likionesha sura ya mtindo bila kueleza sababu yake linamwacha msomaji anunue joto na gharama ambazo hakuzitarajia.

Nianze na nyumba za mawe za Lamu, kwa kuwa baadhi yake zimekaliwa na watu tangu karne ya 18 hadi leo, na ndizo zinazoonesha waziwazi jinsi mtindo unavyozaliwa na kile kilichopo mkononi. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaiwezi kwa urahisi, lakini haivuki nafasi pana. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vina upana usiozidi mita 3 hivi, hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa na mali ya kutosha kujenga ukumbi wa shughuli za mji mzima. Mali ilipokosa njia ya kwenda kwenye upana, ikaenda kwenye urefu wa chumba na kwenye ukuta. Vyumba vikapangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine: mtu alianzia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akaingia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi ndefu na nyembamba, kisha chumba cha ndani, na kadiri mgeni alivyoruhusiwa kusogea ndivyo lipu ya ukutani ilivyozidi kuchongwa.

Chumba cha ndani ndicho kilichobeba zidaka, yaani safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa kwenye ukuta wa nyuma, na humo ndimo zilimowekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China pamoja na vitu vingine vya thamani. Mwanga ulitoka kiwandani, ukapita misanani, ukafika ndani ukiwa umepungua nguvu, na weupe wa chokaa pamoja na kingo nyingi za zidaka ukaupokea na kuusambaza, kiasi kwamba chumba chembamba kisicho na dirisha la nje hakikuonekana kama shimo. Jiko liliwekwa juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na joto vitoke bila kupita vyumbani. Kila kitu katika mpangilio huo kilikuwa pambo na kilikuwa na kazi kwa wakati mmoja. Mshairi aliyeomboleza kuanguka kwa Pate, mji wa kisiwa jirani na Lamu, alipotaka kuonesha kwamba fahari ya mji imekwisha, alitaja madaka ya vyombo, yaani zidaka hizohizo, ambamo sasa walilala ndege, na wasikilizaji wake walimwelewa mara moja, kwa sababu kila mmoja alijua ukuta wa namna hiyo ulimaanisha nini.

Niongeze hapa jambo ambalo wengi wetu hatulisikii shuleni. Boriti hizo za Lamu na za delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba kwa vizazi vingi, na ndizo zilizobeba dari za nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain, ambako nako upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo ilidumu hadi karne iliyopita, na Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Kwa hiyo tunaposema mtindo fulani ni wa kigeni au wa kienyeji, tukumbuke kwamba mti mmoja wa pwani yetu uliwahi kupima vyumba vya watu walio mbali nasi kabisa.

Bahari nayo ilileta mitindo. Sayyida Salme binti Said, binti wa sultani, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kuhusu vyumba vyenye kuta nene na vishubaka virefu vilivyogawanywa kwa rafu, ambamo bilauri, sahani na majagi vilipangwa kwa ulinganifu, pamoja na vioo vikubwa na saa zilizotoka Ulaya. Ukisoma maelezo hayo unaona kwamba wazo la zidaka bado lipo, ila kilichowekwa ndani yake kimeanza kubadilika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua Unguja kwa ratiba. Bidhaa za Ulaya na za Bombay zikapata njia ya kufika mara kwa mara, na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi wakaongeza milango yenye tao la nakshi, roshani za mbao na vioo vya rangi. Sultani Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba la nguzo za chuma na roshani pana, ambalo lilikuwa la kwanza Unguja kuwekewa umeme. Miaka mingi baadaye, katika enzi ya Sayyid Khalifa bin Haroub, samani za fomeka, yaani bodi zenye uso wa plastiki, ziliingia hata ndani ya kasri, na wageni wa Makumbusho ya Kasri wameoneshwa kabati la namna hiyo likiwa jirani na samani nzito za mbao za kizazi kilichotangulia. Wanaodhani kwamba wazee wetu walikaa na mtindo mmoja tangu enzi na enzi wangetazama vyumba hivyo wangeona jinsi hata mfalme alivyovutwa na kitu kipya cha dukani.

Kwa walio wengi, hata hivyo, nyumba haikuwa kasri wala jumba la mawe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zile za Kariakoo, Ilala na Magomeni: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani nyuma penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Ndani ya vyumba samani zilikuwa chache, kitanda chenye chandarua, sanduku au kasha la nguo, mkeka, na kanga iliyofungwa mlangoni kama pazia. Wageni walikaa barazani, wanawake walipikia na kuzungumza uani, na ukumbi ulipitisha upepo kutoka barabarani hadi nyuma. Nyumba hiyo haikuhitaji sebule iliyojazwa makochi, kwa kuwa kazi ya sebule ilifanywa na baraza na uani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi katika kurasa zenu: kabla ya kuuliza chumba kipambweje, wazee waliuliza watu watakaa wapi saa ngapi, na upepo utatokea upande gani wakati wa kaskazi na wakati wa kusi.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, na kwa upande wa Zanzibar maghorofa ya Michenzani yalipojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, familia nyingi zikahamia katika nyumba ambazo uani umetoweka au umebaki kipande. Mgeni sasa alikaribishwa ndani, mbele ya macho ya familia, na hapo ndipo kochi lilipopata cheo. Yale makochi ya mninga au ya mvule yenye mikono mipana, mito ya sponji inayotolewa, na vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa mgongoni na mikononi, yalitengenezwa na mafundi wa hapa hapa, hasa katika miaka ambayo bidhaa za nje zilikuwa adimu baada ya Vita vya Kagera. Wapo vijana wanaovicheka vitambaa vile. Mimi nawaomba wavitazame upya. Kitambaa kilizuia mafuta ya nywele na jasho kuingia kwenye mto ambao haukuwa rahisi kuubadilisha, kilifuliwa kila wiki, kilipatanisha rangi za chumba kizima kwa gharama ya uzi, na kilikuwa kazi ya mikono ya mwenye nyumba ambayo mgeni aliiona kabla hajaletewa chai. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta ilikamilisha chumba hicho, nayo ilikuwa baridi chini ya miguu na ilitengenezeka ikipasuka.

Kisha ikaja televisheni. Zanzibar ilitangulia kwa kuwa na kituo chake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kurushiwa matangazo ya televisheni mwaka 1994, na sidhani kama kuna kitu kimoja kilichobadilisha sebule za Dar es Salaam kwa haraka kuliko hicho. Kabla ya hapo makochi yaliwekwa yakitazamana, meza ndogo ikiwa katikati na stuli zikiwa kando kwa ajili ya sahani na gilasi. Baada ya hapo yakageuzwa yote kutazama ukuta mmoja. Ukuta huo ukajengewa kabati kubwa ambalo sisi mafundi tulilitengeneza kwa wingi: milango ya chini ya kuhifadhi vyombo, shokesi ya vioo pande zote mbili kwa ajili ya seti za chai na bilauri ambazo hazikutumika ila Idi au Krismasi, na katikati nafasi ya mraba, yenye kina kirefu, kwa ajili ya televisheni ya chogo.

Nafasi hiyo ya mraba ndiyo iliyoyaua makabati hayo. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wakanunua ving'amuzi, na wengi walipokwenda madukani wakarudi na televisheni bapa na pana ambayo haiingii kwenye tundu lililotengenezwa kwa chogo. Makabati yakaanza kurudi Keko kwa mkokoteni na kwa Kirikuu. Ukilifungua kabati la mninga la miaka ile unakuta viungo vya ulimi na tundu, gundi imekauka lakini kiungo hakijalegea, mgongo ni plaiwudi iliyoshikiliwa kwa misumari midogo, na rangi ya ndani ya droo bado ni ileile nyekundu ya siku ilipopigwa randa. Tunakata sehemu ya katikati, tunaunganisha upya pande mbili, na kutoka kwenye kabati moja hupatikana kabati refu la chini la kuwekea televisheni, meza ya kahawa, na mara nyingine rafu ya vitabu. Kabati lililotengenezwa kwa bodi ya MDF, yaani ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, halikubali matibabu hayo. Maji ya kudekia yakilifikia mguuni mara kadhaa linavimba kama mkate uliotoswa kwenye chai, skrubu haishiki tena mahali iliposhika mwanzo, na mwenye nyumba anatakiwa kununua jingine. Bei yake ya mwanzo ni ndogo, na sina ubishi na mtu anayenunua kulingana na uwezo wake. Ubishi wangu ni kwamba picha ya gazetini huonesha makabati hayo mawili yakiwa na sura moja, na hakuna maelezo yanayomwambia msomaji ni lipi litakalodumu zaidi ya misimu michache ya mvua.

Hapa ningependa wasomaji waone kitu kinachonifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Ule ukuta wa televisheni unaotengenezwa leo kwa jipsamu, wenye vijumba vya mraba na taa ndani yake, ambamo huwekwa chombo cha maua, saa au picha ya Kaaba, ni ukoo mmoja na zidaka na shokesi. Watu wa pwani hii wamependa kwa karne nyingi kuwa na ukuta mmoja wa fahari, ambao mgeni akiingia jicho lake linaangukia hapo, na ambao unaonesha kile kilicholetwa na bahari au kilichonunuliwa dukani kwa wakati huo. Hamu hiyo ni yetu na haina haja ya kuonewa haya. Tofauti ni kwamba kidaka kilitoka katika unene wa ukuta wenyewe na hakikumpunguzia mtu hewa, ilhali kijumba cha jipsamu huongezwa mbele ya ukuta, hula nafasi ya chumba, na paa likivuja siku moja tu huota doa la manjano ambalo rangi hailifichi.

Na hewa ndiyo shauri langu kubwa. Nyumba nyingi zinazojengwa pembezoni mwa Dar es Salaam zimeezekwa kwa bati, na bati likipigwa na jua la Januari hupeleka joto moja kwa moja kwenye nafasi iliyo juu ya dari. Zamani mjenzi aliacha matundu ya hewa juu ya kizingiti cha dirisha, au alijenga safu ya tofali za maua chini ya paa, ili joto lililopanda lipate pa kutokea. Fundi wa jipsamu akija, dari hushuka sentimita 30 au 40 kwa ajili ya zile ngazi za mapambo, matundu yote yakabaki juu ya dari au yakazibwa kwa lipu kwa kuwa yanaharibu mstari, na chumba ambacho kilikuwa kinapumua kikafungwa. Dirisha nalo limebadilika. Dirisha la luva halikuwa na sura ya kupendeza na lilisumbua kusafisha, lakini vipande vyake vya kioo vikilazwa upepo uliingia karibu katika dirisha zima. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, na nusu hiyo ina wavu wa mbu, na mbele ya wavu kuna lile pazia zito la tabaka mbili ambalo picha za kurasa zenu zinalisifu. Baada ya hapo familia hununua feni, feni ikishindwa hununua kiyoyozi, na uniti za LUKU zilizokuwa zinatosha mwezi huisha kabla ya tarehe 20. Hakuna anayehusisha bili hiyo na dari, kwa sababu dari ilihesabiwa kuwa urembo.

Lipo suluhisho, na mafundi wanalijua. Jipsamu inaweza kuwekwa ikaachiwa nafasi ya hewa kuzunguka kingo zake, matundu ya juu yakabaki wazi kwa wavu mgumu, nafasi iliyo kati ya dari na bati ikawekewa matundu kwenye ncha mbili za paa, na ngazi za mapambo zikapunguzwa hadi mstari mmoja mwembamba. Madirisha ya aluminiamu yanaweza kuagizwa yale yanayofunguka kwa bawaba badala ya kusukuma, ambayo hupitisha upepo katika uwazi wote. Mteja akielezwa hivyo mapema huelewa na hukubali. Lakini anapokuja na picha ya gazeti mkononi, ametengwa na swali hilo kabla hajafika kwa fundi.

Jambo jingine ambalo picha haziwezi kuonesha ni namna nyumba zetu zinavyotumika siku zisizo za kawaida. Msiba ukitokea, makochi hutolewa nje, mikeka na majamvi hutandikwa, na chumba kilekile kilichokuwa sebule kinakaliwa na wanawake thelathini. Vivyo hivyo kwa hitima, kwa maulidi, kwa kikao cha harusi. Kochi la zamani la mtu mmoja mmoja lilibebwa na vijana wawili likapita mlangoni bila mjadala. Kochi la umbo la L la siku hizi, likiwa limeshonewa ndani ya chumba au limeingizwa kabla ya mlango wa grili kuwekwa, halitoki. Nimeshuhudia familia iliyofiwa ikilazimika kuwaketisha shangazi na mama wakubwa juani chini ya turubai, huku chumba kikubwa kuliko vyote kikiwa kimejaa samani ambazo hakuna aliyethubutu kuzikalia. Tangu hapo kila kochi kubwa linalotoka kwangu linagawanyika vipande vitatu kwa bolti na nati, na nafasi ya spana inaachwa upande wa chini ambako haionekani. Ni kazi ndogo kwa fundi. Nashangaa kwamba haitajwi popote pale ambapo makochi hayo yanasifiwa.

Kuhusu jiko la wazi sitasema mengi, kwa kuwa hapo mambo bado yanabadilika. Katika nyumba nyingi nilizofunga makabati, jiko linaloonekana kutoka sebuleni ni la kuwashia birika na kupasha chakula, na mapishi yenyewe, samaki wa kukaanga na nazi inayochemka, hufanyika kwenye jiko la nje penye mkaa. Yaani mwenye nyumba amelipia majiko mawili. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na moshi ukiondoka huenda jiko la ndani likapata maana lisilokuwa nayo sasa. Hata hivyo, kwa familia inayopenda mpishi asitazamwe na kila mgeni, ukuta mfupi au kimia cha mbao chenye matundu kinatosha kutenganisha pande hizo mbili bila kuzuia hewa, na ni kazi ambayo mafundi wa nakshi wa Lamu na Unguja wameifanya kwa miaka mingi kwenye roshani na madirisha.

Kwa wale wanaoishi katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na za Lamu, iliyofuata mwaka 2001, mtindo mpya una madhara makubwa zaidi ya joto. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta ili ufanane na ukuta wa kwenye picha, unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi, lipu hubanduka kwa mabamba, na boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza vichwa mahali ambapo hakuna anayeziona. Chokaa ni nyeupe, ina mng'aro wa upole ukiisugua vizuri, na inapokea mwanga wa taa za kisasa bila tatizo lolote. Hakuna sababu ya mtu kuchagua kati ya nyumba salama na nyumba nzuri.

Ndiyo maana, Ndugu Mhariri, natoa maombi machache kwa waandaaji wa kurasa hizo. Kila mnapochapisha picha ya sebule au chumba cha kulala, chapisheni kando yake mchoro mdogo wa ramani unaoonesha madirisha yako wapi, yanafunguka vipi, na upepo unaingia na kutokea wapi. Tajeni urefu wa dari kwa mita, na aina ya mbao au bodi iliyotumika. Mwulizeni mwenye nyumba anatumia uniti ngapi za umeme kwa mwezi, na akikubali, ziandikeni. Wapeni nafasi mafundi waliofanya kazi hiyo, wa lipu, wa jipsamu, wa aluminiamu, wa makochi, waeleze kwa maneno yao walichofanya na wangefanya nini tofauti kama wangeulizwa mapema. Na msiishie kwenye nyumba mpya za Goba na Bunju. Zipo nyumba za Kiswahili za Magomeni na Tanga ambazo wenyewe wamezikarabati bila kuziba ukumbi, zipo fleti za Michenzani ambazo wakazi wamezipanga upya kwa werevu mkubwa, na zipo nyumba za Lamu ambazo televisheni bapa imewekwa kati ya zidaka na hakuna kilichoharibika.

Kama ofisi yako itaona inafaa, niko tayari kumpokea mwandishi wenu Keko siku yoyote ya kazi, aone makabati yanayoletwa kukatwa na azungumze na wateja wanaoyaleta. Asubuhi ndiyo bora, kabla mashine za kupasua mbao hazijaanza kupiga kelele.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Seremala wa Keko,
Dar es Salaam